Safari ya Tanga hadi Dar na Maji Ndani ya Ngama

Boti niliinunua Tanga. Ilikuwa imeshatumika miaka mingi: futi 38, ya faiba, injini mbili za dizeli, vyumba viwili, jiko, choo na friji. Mimi makazi yangu ni Dar es Salaam, kwa hiyo safari yangu ya kwanza nayo ikawa ni hiyo ya kuipeleka nyumbani. Nilimkodi nahodha mtu mzima, aliyekulia kwenye majahazi, pamoja na kijana wake wa injini. Kwa desturi ya pwani mwenye chombo huitwa tajiri, nao wakaniita hivyo, ingawa baada ya kulipa bei ya boti jina lenyewe lilikuwa limenipwaya.

Nahodha hakukubali kung'oa nanga mpaka mbao zote za sakafu zifunuliwe. "Tajiri, hujakijua chombo mpaka uione ngama yake," alisema. Tukapita koki moja baada ya nyingine, zile zinazofunga matundu ya chini ya maji, tukizifungua na kuzifunga. Iliyokuwa ngumu tuliilainisha kwa grisi. Kando ya kila koki alifunga kizibo cha mti kwa kamba. Hakuwa na woga wa bure: tundu la upana wa sentimita 4, likiwa nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, na pampu nyingi ndogo za ngama haziwezi kufua kiasi hicho.

Tulitoka alfajiri, tukakiacha kisiwa cha Ulenge nyuma yetu na kuelekea kusini, Nungwi, maili za bahari zipatazo 40. Kaskazi ilikuwa inaishia, upepo umelegea na bahari imetulia, lakini mkondo wa pwani hii huenda kaskazini na sisi tulikuwa tunaukabili. Dizeli ililika kuliko nilivyotarajia.

Kijana wa injini hakuwa na habari na mandhari. Macho yake yalikuwa kwenye mabomba ya moshi nyuma ya boti, kwa sababu injini hizi hupozwa kwa maji ya bahari, na maji hayo lazima yatemwe nje pamoja na moshi. Katikati ya safari bomba la kulia likaanza kutema kidogo, kisha mvuke. Alizima injini hiyo kabla mshale wa joto haujafika kwenye nyekundu, akafunga koki, akafungua chujio. Ndani mlikuwa na mwani, na kipande cha mfuko wa plastiki, ile mifuko iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Kama chujio lingekuwa safi, angefungua pampu na kutazama mapanga ya mpira ya impela, ambayo hukatika injini ikifanya kazi bila maji.

Tukiwa njiani alinionyesha pia pale shafti inapotokea nje ya boti. Hapo pana kamba yenye grisi iliyobanwa kuizunguka shafti, ndiyo pakingi. Ilikuwa ikidondosha matone machache kwa dakika, nayo ni baridi ukiigusa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: matone hayo ndiyo yanayoipoza. Ukiikaza mpaka ikauke kabisa inaungua, halafu inaanza kuila shafti yenyewe.

Nungwi tulitia nanga upande wa magharibi, tukalala. Usiku kucha pampu ya ngama ilikuwa ikilia na kunyamaza. Asubuhi friji imezima. Betri ya volti 12 ikiwa imejaa husoma 12.6 hivi, yetu ilisoma 11.6. Kijana akatoa hukumu: pakingi imeachia, na betri imekufa, ikanunuliwe mpya mjini.

Nungwi ni kijiji cha mafundi wa majahazi, na mmoja wao, rafiki wa nahodha, alikuja na ngalawa kutuamkia. Aliinama ngamani, akachovya kidole pale maji yalipokuwa yakichuruzika kutoka mbele, akayaonja na kuyatema. "Matamu haya, tajiri. Bahari haimo. Tafuteni humu humu ndani."

Tukafunga mabomba yote na kunyamaza. Kila baada ya muda pampu ya maji ya matumizi ilistuka yenyewe, ilhali hakuna aliyefungua bomba. Tukaifua ngama, tukaikausha kwa matambara na kutandaza magazeti, kila sehemu na lake. La chini ya jiko ndilo lililolowa kwanza. Nyuma ya chombo cha kuchemshia maji, klipu ya mpira wa maji ilikuwa imeliwa na kutu. Tukaweka mpya ya chuma kisichoshika kutu, na pampu ikatulia.

Ikabaki betri. Tukawasha injini na kupima: kwenye alteneta volti 14.2, kwenye betri 13.1. Zaidi ya volti nzima ilikuwa inapotelea njiani. Waya wa ethi ulikuwa umeota ukungu wa kijani kwenye kiungo chake. Tuliusugua kwa brashi mpaka shaba ikang'aa, tukaukaza na kuupaka grisi. Betri ikasoma 14.

Kumbe yote yalikuwa mlolongo mmoja. Klipu ililegea, maji yakajaa ngama, pampu zikanyonya umeme usiku, na mchana ethi chafu ikazuia betri isijae. Betri mpya ingekufa vilevile, na pakingi nzima ingeharibiwa kwa kukazwa.

Tulipita Tumbatu na Mji Mkongwe, tukavuka hadi Dar bila pampu ya ngama kulia zaidi ya mara moja moja, kwa yale matone ya pakingi.

Wewe unayetaka kununua boti iliyotumika, usianze na duka la vipuri. Kausha ngama, yaonje maji, pima umeme mwanzo na mwisho wa kila waya, na ushughulikie kitu kimoja kwa wakati mmoja. Klipu na grisi ni bei ya chakula cha mchana. Betri na shafti si hivyo.