Mahali pa Kulala katika Mji wa Venice

Mji wa Venice, katika nchi ya Italia, umejengwa juu ya visiwa zaidi ya 100, na barabara zake kuu ni mifereji ya maji. Motakaa haziingii humo. Hukomea Piazzale Roma, mwisho wa daraja lililofunguliwa mwaka 1933. Kutoka hapo mtu huenda kwa mashua au kwa miguu.

Kwa hiyo yampasa msafiri kufikiri mapema atalala wapi. Akilala Mestre, upande wa bara, atalipa kidogo, na gari la moshi litamfikisha mjini upesi. Lakini kila jioni atauacha mji nyuma yake. Akilala San Marco, atakuwa karibu na kanisa kuu, ila bei ni kali na watu husongamana. Mitaa ya Cannaregio na Castello ina pembe nyingi zilizo tulivu. Popote achaguapo, na aulize kwanza ni madaraja mangapi ya kuvuka, maana mengi yana ngazi, na mzigo mzito ni taabu.

Liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1951 visiwa hivyo vilikuwa na wakaaji wapatao 175,000. Mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Sababu mojawapo ni kwamba nyumba nyingi za wenyeji zimegeuzwa kuwa vyumba vya wageni. Basi ni heri msafiri alale katika hoteli ndogo, au kwa mwenyeji akaaye papo hapo. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji ahame.