Ufito wa Kuvulia kwa Mfuko wa Mwalimu

Wako wasomaji watakaostaajabu kuona waalimu wa Mkomaindo wakiandika habari za uvuvi. Masasi ni nchi ya majabali na mikorosho, wala haina ziwa kubwa. Na ndugu zetu wa Newala, walio juu ya uwanda wa Makonde, tangu zamani wameona taabu hata ya maji ya kunywa, wakawa wakishuka mtelemko mrefu na kuupanda tena wakiwa na mitungi vichwani. Walakini ukisimama Newala penye ukingo uitwao Shimo la Mungu, ukatazama kusini, utaliona bonde la Ruvuma. Mto huo ndio uliotufundisha jambo tunalotaka kulieleza leo, yaani namna mtu mwenye fedha kidogo apaswavyo kuchagua ufito wa kuvulia.

Uvuvi wa ufito ni wa namna mbili. Namna ya kwanza inajulikana na kila mtoto: mtu hutia nyungunyungu katika ndoana, hutupa majini, hukaa kungoja. Kazi ya ufito hapo ni ndogo, maana hungoja kama mwenyewe angojavyo. Namna ya pili ni ya chambo kinachotembea. Mvuvi hufunga kipande cha chuma king'aacho, au kisamaki cha mti kilichopakwa rangi, hukitupa mbali, kisha hukivuta kwa kuzungusha kigurudumu chenye mshipi, na kile chambo huja kikiyumba kama samaki aliyejeruhiwa. Samaki mwenye kuwinda hukiona, hukifuata, hukikamata. Katika uvuvi huu ufito haupumziki. Hutupa na kuvuta mara mia na zaidi kwa siku moja, tena hupokea pigo la samaki kwa ghafula. Kwa hiyo ufito ufaao kwa namna ya kwanza huenda usifae kabisa kwa namna ya pili. Hilo hatukulijua.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa waalimu wawili wenye hamu ya uvuvi huo. Tukachanga shilingi 45,000, tukaenda Mtwara kununua ufito pamoja na kigurudumu chake, na vijiko viwili. Kijiko ni jina la kile chambo cha chuma, na jina hilo lina sababu. Husimuliwa ya kuwa Mmarekani mmoja, Julio Buel, aliangusha kijiko cha kulia katika ziwa, akaona samaki akikirukia. Naye alipewa hati ya serikali ya kuilinda kazi yake ya kutengeneza vyambo hivyo mwaka 1852.

Ufito tuliouchagua ulikuwa mwekundu, mnene, mgumu kama mpini wa jembe. Tuliusimamisha sakafuni dukani, tukaukandamiza kwa nguvu, nao haukunepa. Tukafurahi, tukaambiana, “Huu ndio wenye nguvu.” Tulichagua kwa macho, kama mtoto achaguavyo kitambaa.

Mwezi wa Septemba, shule zilipofungwa kwa siku chache, tukashika njia ya Mangaka hata Mtambaswala, palipo na Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kuunganisha nchi yetu na Msumbiji. Mwezi huo mto umepungua na maji yametakata, basi samaki aweza kukiona chambo kwa mbali. Wakati wa masika maji huwa mazito kwa udongo, na hapo kambale hutafuta chakula kwa kunusa na kupapasa kwa ndevu zake kuliko kwa macho, na kijiko hakina harufu.

Tulikwenda chini ya daraja mbali kidogo, tukaanza kutupa. Kabla ya adhuhuri samaki walikamata kijiko chetu mara tatu, na mara tatu wakaponyoka. Tuliona mshipi ukikaza, tukavuta kwa nguvu zetu zote, kisha ukalegea. Mara ya tatu ndoana ilirudi na kipande cha nyama ya mdomo. Tulidhani ni bahati mbaya tu. Kijiko cha kwanza kilikwisha kukatika asubuhi, na saa nane kile cha pili kikanasa katika kisiki kilichozama, hatua kama nane toka ukingoni. Maji pale yalifika magotini. Tulivuta huku, tukavuta huku, hakikutoka. Mmoja wetu akavua viatu, akakunja suruali, akaingiza mguu mmoja majini.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa ameketi kivulini na mwanzi wake tangu asubuhi, akaja mbio kuliko tulivyodhani mzee aweza, akamshika shati.

“Mwalimu,” akasema, “chuma kile kina bei gani?”

“Shilingi elfu nne, babu.”

“Na nyumbani umeacha watoto wangapi?”

“Wanne.”

Mzee hakuongeza neno. Alituongoza hatua kumi hivi kufuata ukingo, akatuonyesha mchangani mfuo mpana, kama mtu aliyeburuta gunia, na pande zake mbili alama za makucha. Mchanga wake ulikuwa bado mbichi. Kisha akarudi, akatoa kisu, akaukata mshipi wetu.

Tulikaa kimya muda mrefu. Hatukuwa watu wasiojua ya kuwa Ruvuma ina mamba. Watoto wa darasa la kwanza wanajua. Hatukuwa walevi, wala hatukuwa na haraka. Kilichotuingiza majini ni kwamba hatukuwa na kijiko kingine, wala fedha ya kununua kingine. Tulitumia yote tuliyokuwa nayo katika ufito, tukasahau ya kuwa vyambo hupotea. Ndipo tulipofahamu kwamba hesabu yetu ya bei ilikuwa imekosewa tangu Mtwara.

Alipoona tumetulia, mzee alituomba ufito wetu, akautikisa, akacheka kidogo. Akafunga ncha ya mshipi katika mti, akatuambia tuvute. Ufito haukunepa, mshipi ukalia kama zeze. Akafanya vivyo hivyo kwa mwanzi wake. Ule ulinepa taratibu kutoka katikati, ukafanya upinde mzuri, na tulipolegeza ukarudi mahali pake. Akasema, “Samaki akivuta, lazima kitu kimoja kikubali. Ufito usipokubali, mdomo wake ndio utakaokubali.”

Maneno hayo yalieleza nyama tuliyoiona kwenye ndoana. Vyambo vingi vya kutembea vina ndoana nyembamba yenye meno matatu, nayo hushika juu juu tu. Samaki hukamata akiwa anakwenda upande wake, na chambo kinakwenda upande wetu. Ufito mgumu hugeuza pigo hilo kuwa mchano. Ufito unaonepa hulipunguza, humwacha samaki afumbe kinywa, kisha huikaza ndoana polepole. Walakini usinepe kupita kiasi, maana ufito mlegevu kama ukambaa hauwezi kutupa mbali, wala kumzuia samaki asikimbilie visikini.

Baadaye tulisoma na kuona ya kuwa maneno ya mzee yanakubaliwa na wavuvi wa mbali. Katika Marekani yuko samaki aitwaye bass, mwenye kinywa kipana, ambaye aliletwa Kenya na kupandwa katika ziwa Naivasha mnamo miaka ya 1920. Wanaomvua huko kwao wana fito za kila namna. Zamani walitumia mwanzi uliopasuliwa na kugandishwa; mwishoni mwa miaka ya 1940 zikatokea fito za nyuzi za kioo; na katika miaka ya 1970 zikaja za nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na ngumu, na bei yake ni kubwa zaidi. Hata leo wengi wao, wenye fedha za kununua kaboni, wakitaka kuvuta chambo kinachotembea huchukua ufito wa kioo kwa makusudi, kwa sababu hunepa pole na haumchani samaki. Basi msomaji aone jambo la ajabu: katika kazi hii ufito wa bei ndogo haupungukiwi na kitu, bali mara nyingi ndio ufaao.

Tukaweka akiba miezi sita, tukarudi dukani tukiwa na shilingi 60,000. Safari hii tulichagua hivi. Tulitaka ufito wa nyuzi za kioo, wenye urefu wa meta mbili na zaidi kidogo, ili utupe mbali na sisi tusimame nyuma ya ukingo. Tulitaka wa vipande viwili, upate kuingia katika gari la abiria. Ule wa kuchomoza kama darubini tuliuacha, maana una maungio mengi, na kila ungio ni mahali pa kuharibika. Tulisoma maandishi karibu na mpini, ambapo huandikwa uzito wa chambo ambao ufito waweza kutupa. Vijiko vyetu vina gramu 15 hata 20, basi tukatafuta ulioandikwa gramu 10 hata 30. Tukapitisha pamba ndani ya kila pete, kwa kuwa pete yenye ufa hunasa nyuzi za pamba, na pete hiyo itakata mshipi siku moja. Mwisho mmoja wetu alishika ncha na mwingine mpini, tukatazama unaponepa.

Ufito pekee ulikuwa shilingi 35,000. Kigurudumu cha zamani tulikuwa nacho. Fedha iliyobaki tuliigawa: mshipi, na vijiko vitano vya kupotea. Tunasema vya kupotea kwa kusudi. Mtu asiyeweza kupoteza chambo hajawa na fedha za kutosha kununua ufito, hata kama ufito ameushika mkononi.

Na asiye na fedha hizo asikate tamaa. Mwanzi uliokomaa, ukikaushwa kivulini majuma kadhaa na kunyoshwa juu ya moto mdogo, hufaa sana kwa kukokota kijiko kufuata ukingo, mshipi ukiwa umefungwa nchani. Kijiko cha kulia kilichochakaa, kikikatwa mpini na kutobolewa pande mbili, ni chambo kamili. Mwenye ufito wa kaboni na aangalie mvua ya radi na nyaya za umeme, maana kaboni hupitisha umeme. Na sote tuache kutia utupa majini na kukokota vyandarua, ambavyo huua hata watoto wa samaki. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, na ofisi ya uvuvi ya wilaya itamweleza kila mtu ruhusa zinazotakiwa.

Katika Injili tunasoma sana habari za nyavu, lakini ndoana imetajwa mara moja tu, Petro alipotumwa baharini kutafuta fedha ya kodi. Alitumwa kutupa ndoana. Hakutumwa kuingia majini.

Tangu siku ile tumepata kambale kadha wa kadha, na wawili tulimpelekea yule mzee. Pia tumepoteza vijiko vinane, na kila kimoja tulikikata kwa kisu tukiwa tumesimama pakavu. Kile cha kwanza kingali katika kisiki chake. Maji yakipungua sana, mwezi wa Oktoba, jua likipiga, hukiona kinang'aa.