Kupandisha Treni Timboroa kwa Kompyuta

Nimekaa kimya muda mrefu, na wachache mmeniandikia kuuliza kama nimehama mji au nimeoa. La hasha, bado niko Eldoret. Mchana ninaandika programu za watu, jioni ninajenga reli. Ndiyo, reli! Ninaijenga upya njia ya Nakuru hadi Eldoret ndani ya kompyuta, kama ilivyokuwa kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, ili mtu aketi nyumbani aendeshe treni ya mizigo kupitia Timboroa.

Kwa wasiojua michezo hii: kuna programu zinazoitwa simuleta za treni. Si mchezo wa kupiga risasi wala kukimbizana. Unapewa kichwa cha treni, mabehewa, reli na saa. Ukifungua mvuke kwa pupa magurudumu yanateleza, ukichelewa kufunga breki unapita stesheni. Watu wa nje wanaona ni upuuzi. Mimi nilianza nikiwa shule ya msingi, kwenye saiba moja hapa mjini iliyokuwa na CD ya Microsoft Train Simulator, ile ya mwaka 2001. Ndani yake kulikuwa na njia sita, na niliyoipenda ni ile ya milima ya Austria, kutoka Innsbruck, ambako treni zinavutwa kwa umeme. Nyaya juu, theluji kandokando, handaki refu. Kilele cha njia ile ya Arlberg kiko meta 1,311 juu ya bahari.

Sasa linganisha na kwetu. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901 haikuwa na habari na Eldoret, na hata mji wenyewe haukuwepo. Baadaye watu waliuita Sisibo, kutokana na shamba namba 64. Njia yetu ilichepuka Nakuru ikapanda kwenye nyanda za Uasin Gishu, ikafika Eldoret mwaka 1924, na kuendelea hadi Kampala mwaka 1931. (Wakosoaji wa wakati ule walilalamika kwamba ilipindishwa kufuata mashamba ya walowezi. Ukiitazama kwenye ramani unaelewa kwa nini walisema hivyo.) Karibu na Timboroa inafika futi 9,136, yaani meta 2,785. Hiyo ni zaidi ya Arlberg mara mbili! Enzi za ukoloni kilijulikana kama kilele cha juu kuliko vyote katika reli za himaya ya Waingereza. Na katika ile CD hatukuwemo.

Programu ninayotumia leo ni Open Rails. Ni programu huria, imeandikwa kwa C#, na inasoma mafaili ya mchezo ule wa zamani. Ardhi yake imegawanywa katika vipande vya mraba, kila kimoja meta 2,048 kwa 2,048, na kila kipande lazima kipewe urefu wa ardhi. Urefu huo unatoka wapi? Mwezi Februari 2000 chombo cha Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada. Data yake, iitwayo SRTM, ni ya bure. Kila faili lina namba 3,601 kwa 3,601, nukta moja kila meta 30 hivi, na jina linatokana na kona yake ya kusini magharibi. Njia yetu inavuka ikweta, kwa hiyo Nakuru iko kwenye S01E036, inapanda ndani ya S01E035, halafu baada ya mstari wa ikweta unajikuta N00E035. Niliandika programu fupi ya kuyashona matatu hayo. Kazi ya jioni moja.

Uzito ulikuja baada ya hapo. Nililaza reli juu ya ardhi ile, nikawasha treni, nayo ikawa inaruka kama matatu kwenye matuta. Kuanzia Maji Mazuri kwenda juu ardhi ilikuwa imejaa vichuguu visivyokuwepo. Kilichotokea ni kwamba rada ile haikuona udongo. Iliona vilele vya miti! Huko juu kuna misitu ya misonobari na misaipresi, na pale walipokata miti kabla ya Februari 2000 ardhi "inashuka" ghafla, pale walipoacha "inapanda". Tena mtaro uliochimbwa kupitisha reli ni mwembamba mno kwa nukta ya meta 30, kwa hiyo mbele ya setilaiti haupo kabisa. Kwa mpita njia tofauti ya meta 15 si kitu. Kwa treni ya mizigo, kupanda meta 2 katika kila meta 100 tayari ni mlima mkali.

Kilichoniokoa ni vibao. Stesheni zetu za zamani ziliandikwa jina na chini yake urefu kutoka usawa wa bahari kwa futi. Warasimu wa reli walikuwa na tabia hiyo nzuri, na wapimaji wao walipima kwa kutembea na vyombo, si kwa kutazama miti kutoka angani. Kwa hiyo nikachukua kila kibao nilichoweza kukifikia, nikakifanya msumari: hapa reli lazima ipite kwenye urefu huu. Kati ya misumari nikaamuru programu itafute mteremko laini usiozidi kikomo. Reli ikanyooka mara moja. Ajabu ni kwamba kona zilizoonekana za kijinga kwenye ramani zikaanza kuwa na maana, kwa sababu kila moja ilikuwa inanunua urefu wa njia ili kupunguza ukali wa mlima.

Kuna ubishi mmoja lazima niuguse, maana nimeshatukanwa kwa ajili yake. Kila ninapomwonyesha mtu kazi hii anauliza: "Na 59 je?" Anamaanisha zile Garratt kubwa za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zenye tani zaidi ya 250. Mojawapo, Mount Gelai, iko kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi na kila mtu amepiga picha nayo. Ni mnyama mzuri. Lakini ekseli zake zilibeba tani 21 hivi kila moja, na kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, kwenye reli nzito. Njia ya kwetu ilihitaji mashine nyepesi, za daraja la 60 kwa mfano, ambazo ekseli zake zilikuwa na tani 11 tu. Hizo zilipewa majina ya magavana, na baada ya uhuru majina yakang'olewa. Kwa hiyo 59 haimo na haitakuwemo. Ukitaka kuiendesha, jenga Mtito Andei.

Nilipomaliza mashine ya daraja la 60 nilibeba laptopu hadi kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, jirani ya shangazi yangu, ambaye aliwahi kuwa fayamani kwenye njia hii. Macho yake yamepungua nguvu, kioo alikitazama kidogo tu akaniambia, "Kijana, weka sauti." Nikaweka. Akasikiliza treni ikitoka Makutano, kichwa kimeinama.

"Huyo ni mmoja," akasema. "Wetu walikuwa wawili."

Ikabidi anieleze. Garratt ina boila moja katikati na seti mbili za silinda na magurudumu, mbele na nyuma, ambazo hazijafungwa pamoja. Moja ikichakaa kidogo kuliko nyingine, mapigo yao hupishana, halafu polepole yanakutana na kupiga kwa pamoja, kisha yanaachana tena. Kule mlimani, alisema, ukilala nyumbani usiku ulijua ni Garratt kwa jinsi pumzi yake ilivyokuwa ikigombana na kupatana. Akapiga meza kwa mikono miwili kunionyesha, na mkono wa kushoto ukawa unachelewa kidogo kidogo.

Hakuna picha ya zamani ambayo ingeniambia hilo. Nilirudi nikatenganisha sauti mara mbili, nikapunguza kipenyo cha magurudumu ya nyuma kwa milimita chache, na hesabu ikafanya yaliyobaki yenyewe. Jumapili iliyofuata mzee alisikiliza dakika kama tano bila kusema neno. Halafu akauliza nani anatia mafuta.

Najua baadhi yenu mtauliza kuhusu umeme, kwa kuwa nilianza na Austria. Inachekesha kwamba sisi Wakenya umeme tunauita stima, neno lililokuja na mashine za mvuke, lakini reli hii haijawahi kupata stima ya nyaya hata siku moja. Nimepiga hesabu. Kuinua treni ya tani 500 kutoka Nakuru, karibu meta 1,850, hadi kileleni kunahitaji yuniti 1,270 hivi, bila kuhesabu msuguano wala upotevu. Kichwa cha umeme kingerudisha sehemu ya hizo kikiteremka upande wa pili. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, Kenya ikanunua umeme wake, ukapitishwa kwenye nyanda hizi hizi kwenda Nairobi huku treni zikichoma mafuta chini yake! Majirani wameshafika: Tanzania ilianza treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Huenda siku moja nitengeneze toleo la Timboroa lenye nyaya, ila litaandikwa waziwazi kuwa ni ndoto.

Kwa sasa nimefika Ainabkoi. Kutoka hapo kuna Kipkabus, Plateau, halafu nyumbani, na upande huo misumari yangu ni michache kwa sababu vibao kadhaa vimeondoka, naamini kwa wauza vyuma chakavu. Kwa hiyo pekueni albamu. Mara nyingi watu walipiga picha stesheni wakimsindikiza shangazi au kumpokea mtoto kutoka shule ya bweni. Shangazi abaki nanyi, mimi nataka zile futi zilizoandikwa nyuma ya bega lake.