Ili mtoto wa pembeni asibaki nje ya picha



Mwisho wa mwaka wa masomo nilipiga picha ya watoto wangu wa mwaka wa sita, hapa Keshero. Mvua ilikuwa inanyesha, tukabaki darasani. Watoto walikuwa 54. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, lakini wawili wa pembeni walibaki nje. Mimi sikuona. Mama mmoja ndiye aliyeniuliza: «Mama mwalimu, wangu yuko wapi?» Siku hizi familia ile imehama, na picha ile siwezi kuirudia.

Kwa hiyo zamu yangu ya likelemba ikifika, nitanunua lenzi pana. Kwenye lenzi, namba ya milimita ikiwa ndogo, ndivyo inavyoona mahali papana zaidi. Kamera yangu ni Canon ya sensa ndogo, na sensa hiyo inakata kandokando: milimita 18 inaonekana kama 29 ya kamera kubwa. Nimechagua lenzi ya milimita 10 hadi 18, kwa sababu 10 itanipa kama 16.

Lakini lenzi pana inavuta nyuso za pembeni, zinaonekana nene. Watoto nitawakusanya katikati, kando ibaki ukuta mtupu.

Mkinunua iliyotumika, ifungeni kwanza kwenye kamera yenu, mpige picha, mkuze pembe zake mtazame kama ziko safi.

Na hata nikiwa na lenzi hiyo, nitahesabu vichwa kabla ya kubonyeza.