Mtutu na Miaka Kumi na Minane

Ijumaa, 31 Mei 2024, Morogoro

Orodha ya vifaa vya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) imekamilika, zimebaki soksi nyeusi ndefu. Bukta ya bluu iliyokoza, isiyo na zipu, ifike magotini. Shuka mbili za bluu bahari. Nguo za baridi, maana kikosi alichopangiwa binti yangu kiko Nyanda za Juu Kusini, na Juni ya kule si mchezo. Bunduki haimo kwenye orodha, lakini ndiyo inayozungumzwa mezani tangu jana. Baba yake anasema mtoto anayelala na simu usoni hawezi kukabidhiwa SMG. Nikamwambia serikali imemwita kama mtu mzima. Akaniuliza mbona sisi wenyewe hatujawahi kumpa ufunguo wa gari. Nikanyamaza, ufunguo ninao mimi.

Hoja yake ni nzuri kuliko alivyoisema. Katiba inamruhusu binti yetu kupiga kura akiwa na miaka 18. Ubunge asubiri 21, urais 40. Na Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Kwa hiyo anayetoa amri ya mwisho lazima awe ameishi miaka 40, anayefyatua risasi 18 inamtosha. Sijawahi kuliweka hivyo kwenye somo la Uraia. Kidato cha Tatu wangenisumbua wiki nzima.

Jumapili, 9 Juni

Nimempelekea ndizi Mzee Sajenti. Mtaa mzima unamwita hivyo, ingawa alistaafu zamani. Vita vya Kagera vilimkuta na miaka 19. Baada ya shikamoo na habari za binti, nikamuuliza kama wakati ule alikuwa amekomaa. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, jeshi halitafuti aliyekomaa. Aliyekomaa anauliza kwa nini."

Kisha akanieleza taratibu za kambini, na kwa kweli nilipumua. Kuruta haachiwi silaha ikawa yake. Namba ya bunduki anaikariri kama jina la mama yake. Anaichukua ghalani kwa saini, anairudisha kwa saini. Risasi zinahesabiwa zikitoka, maganda yanahesabiwa yakirudi. Likipungua ganda moja, kombania nzima inapekua majani hadi lionekane. Nilivyomwelewa, ukomavu ambao kijana hana wameuweka kwenye daftari la ghala na kwenye macho ya koplo aliyesimama nyuma yake.

Nikamuuliza: huko Kagera, mbele kabisa, daftari alikuwa nalo nani? Akasema ndizi hizi ni mzuzu au mshale.

Nimerudi nyumbani nikakumbuka Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011. Yaliyolipuka ni maghala ya jeshi, yenye madaftari yake na wakubwa wake, na raia walikufa. Sijui kwa nini tunapohofia silaha tunamtazama kwanza mdogo kuliko wote.

Jumatano, 26 Juni

Tangu jana televisheni haijazimwa. Nairobi vijana wameingia Bungeni kuupinga Muswada wa Fedha, polisi wakapiga risasi za moto, watu wamekufa. Jana hiyohiyo serikali ya Kenya ikatangaza kuwaingiza wanajeshi kuwasaidia polisi. Leo Rais Ruto amesema hatausaini muswada. Kwa hiyo muswada unaweza kurudishwa. Risasi hairudishwi.

Waandamanaji wengi ni wa umri wa binti yangu au wamemzidi kidogo. Simu mkononi, bendera begani, chupa ya maji. Waliokuwa na bunduki hawakuwa makuruta wa miezi mitatu. Walikuwa askari waliohitimu, wenye makamanda, wenye mafunzo na kanuni. Baba yake alitazama mpaka usiku, kisha akasema, "Hapa umri ulisaidia nini?" Sikumkumbusha maneno yake ya Mei.

Jumapili, 21 Julai

Amepiga! Amepewa dakika chache za simu. Sauti imekauka kwa chenja na vumbi. Ijumaa walikwenda kulenga shabaha.

Anasimulia haraka haraka. Mnalala kifudifudi kwa mstari, nyuma ya kila mmoja kuna afande. Hakuna kugusa kitu bila amri. Teke la bunduki begani lilimshtua kuliko mlio. Amepata shabaha zaidi ya alivyotegemea na anajivuna, nami namwachia ajivune.

Ila kuna mvulana mmoja, anasema, kati ya wenye akili sana pale, tahasusi ya PCM. Alipomaliza kupiga akageuka kumuuliza afande, "Nimepata?" Akageuka mwili mzima, bunduki mkononi. Mtutu ukapita juu ya mstari wote, juu ya binti yangu pia. Kabla yeyote hajafungua mdomo, afande alikuwa ameshaukandamiza chini kwa kiganja. Kisha ikafuata doso ya kombania nzima, kuruka kichura hadi jua linazama.

Nimemuuliza, yule mvulana alisemaje? "Mama, alilia. Alisema alitaka tu kujua kama amepata."

Usingizi haukuja. Yule mtoto hakuwa mkorofi wala mjinga. Alikuwa na miaka 18 na alitaka kusifiwa. Nimefundisha umri huo muda mrefu, naujua. Wanaweza kukueleza kanuni zote za usalama bila kukosea, na dakika inayofuata furaha ikazifuta. Kilichomwokoa binti yangu ni kiganja cha mtu mzima kilichokuwa karibu. Bila kiganja hicho nisingekubali hata mtoto mwenye alama A zote ashike kile kitu.

Jumapili, 1 Septemba

Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, linatimiza miaka 60 leo. Binti amerudi wiki iliyopita, mweusi, mwembamba, anakunja shuka kwa pembe nne bila kuambiwa. Baba yake anamsifia mbele ya wageni na keshaanza kumfundisha gari.

Mimi nimekaa na historia yangu. Januari 1964 walioasi katika kambi ya Colito hawakuwa watoto, walikuwa askari kamili waliorithiwa kutoka kwa Mwingereza. Walitaka mishahara mikubwa na maofisa wa Kiingereza waondoke. Nyerere alilivunja jeshi lile, akajenga jipya kwa vijana wa TANU na wa JKT. Akiwatilia shaka wakubwa, akawaamini wadogo. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya JKT, aliwarudisha makwao karibu 400. Umri ni uleule. Wa kwanza walitii, wa pili walibisha, na tunajua ni wepi waliopewa bunduki.

Kwa hiyo hofu yangu imehama. Simuogopi tena binti yangu kwa uzembe. Namuogopa kwa utii, kwa jinsi alivyoujifunza haraka, yeye ambaye Mei alikuwa anabishana na mimi kuhusu kuosha vyombo.

Usiku huu, tukiwa tunachambua mchele, nikamuuliza: afande akikuamuru umpige mtu risasi, na mtu huyo ana simu tu mkononi?

"Mama, tuliambiwa amri isiyo halali haitekelezwi."

"Na utajuaje kuwa si halali?"

Akatoa chuya mbili, akafikiri.

"Hapo kipindi kiliisha. Tukaenda kwata."