Nilipanda Lushoto na fulana, nikashuka na hasara

Msomaji wangu, kama na wewe uliwahi kuamini kwamba ukipanda mlimani unalisogelea jua na kwa hiyo joto linaongezeka, usione haya. Mimi niliamini hivyo mpaka Julai ya mwaka jana, tena na kidato cha nne changu mfukoni.

Basi bwana, nilipata mchongo. Mshikaji mmoja wa Kariakoo alinitonya kwamba mboga za Lushoto zina dili, hasa saladi na koliflawa, maana mahoteli yanazigombania. Mtaji sina. Nikamwangukia dada yangu, akanipa laki moja na nusu aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya ada ya mwanawe. "Muhula ukifunguliwa iwe imerudi," akasema. Nikaapa.

Alfajiri nikawa stendi ya Mbezi, fulana moja, kandambili, na miwani ya jua. Kwenye basi nikakaa na mzee mmoja wa Kisambaa aliyekuwa amekumbatia koti zito la sufi. Tulipofika Korogwe, katikati ya mashamba ya mkonge, jua linawaka na jasho linatiririka, nikashindwa kujizuia.

"Shikamoo mzee. Hilo koti la nani?"

"Marahaba mwanangu. Utaliulizia tena baadaye."

Pale Mombo gari liliacha barabara kuu na kuanza kupanda. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilometa 30 na ushee tu, lakini ni kona juu ya kona, jabali kulia, korongo kushoto. Kwenye maporomoko ya Soni nilifunga dirisha. Kona chache mbele nikafumbata mikono. Lushoto penyewe nilishuka meno yanagongana kama cherehani, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa ya nyumba! Mzee akavaa koti lake taratibu, akifunga kifungo kimoja kimoja, makusudi.

"Unashangaa nini?" akaniuliza. Kumbe alifundisha jiografia miaka mingi kabla ya kustaafu. "Jua liko kilometa milioni 150 kutoka hapa. Wewe umepanda moja tu, unadhani umelikaribia?"

Hapo ndipo niliposoma upya. Jua halipashi hewa moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Linapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayopasha hewa iliyo juu yake, kama kikaango. Hewa ikipanda inakuta mgandamizo mdogo, inatanuka, na ikitanuka inapoa. Kwa kila mita 1,000 za kwenda juu joto linapungua kama nyuzi 6 hivi. Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo ipo kama 400. Piga hesabu mwenyewe.

Cha kuchekesha, ukitazama ramani Lushoto ipo karibu zaidi na ikweta kuliko Dar! Kwa ramani tupu ningeapa huko ndiko kwenye tanuri. Wajerumani walishtukia mapema. Walipaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, wakawa wanakimbilia huko joto la pwani likiwashinda.

Kesho yake nikapanda hadi Irente. Pale mlima unakatika ghafla kama ukuta, na chini kabisa unaona uwanda mkavu, rangi ya gunia, unapotelea upande wa nyika ya Wamasai. Huku juu migomba na karoti, kule chini vumbi. Milima ndiyo wachawi. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, unagonga Usambara, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga mvua. Amani, upande wa mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo ukishavuka na kuteremkia Mkomazi na Same unakuwa umeshajimaliza. Watu wa kule wanabaki kuyaona mawingu yameganda mlimani kwa jirani.

Na tusichanganye mambo. Ule ukungu wa siku ile ni hali ya hewa tu. Tabianchi, kama jina lenyewe, ni tabia ya nchi, na tabia ya mtu huijui kwa kumwona kanuna siku moja. Wataalamu hupiga wastani wa miaka 30.

Sasa turudi kwenye pesa ya dada. Sokoni nilijaza matenga matatu. Mama aliyeniuzia akauliza nasafiri saa ngapi. Nikamwambia saa nne asubuhi.

"Mwanangu, mboga za huku hazilijui jua la Mombo. Ngoja gari la usiku."

Nikaona ananichelewesha. Yale yote ya mzee nilikuwa nayo kichwani, lakini sikuyahusisha kabisa na koliflawa. Matenga yakaingia kwenye buti la basi, buti likafungwa. Segera tukapata pancha, saa tatu tumekaa juani. Nilipofungua tenga la kwanza Mbezi usiku ule, saladi ilikuwa imelegea kama kitambaa cha kufutia meza, na koliflawa zimeanza madoa ya kahawia. Tenga la karoti peke yake ndilo lililopona. Nikaambulia elfu arobaini.

Dada hakunifokea. Alizihesabu, akazikunja kwenye kona ya khanga, akauliza, "Kule kuna baridi kweli?" Nikamwambia kuna baridi kweli.

Nyingine nimezilipa kidogo kidogo, imebaki elfu thelathini. Mwezi ujao napanda tena. Koti nimeshaazima, na gari la kurudi ni la usiku.