Kariakoo: Jiko la Wasio na Jiko

Msomaji mpenzi, nadhani huko kijijini kwako mtu akisikika kwamba anakula hotelini kila siku, watu humcheka. Husema, "Huyu ni mvivu, au ana fedha za kuchezea, au mkewe amemkimbia." Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka mwezi wa Februari mwaka 2025, nilipokwenda Kariakoo, mjini Dar es Salaam, kwa ajili ya mpwa wangu. Haya, tufuatane, nikuonyeshe niliyoyaona.

Habari yenyewe ilianza hivi. Dada yangu hulima mpunga karibu na Ifakara. Mwanawe wa kwanza alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na kwa mwaka mzima alikuwa akimpelekea mama yake fedha kidogo kidogo kila mwezi. Halafu fedha zikakatika. Mwezi wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Akipigiwa simu husema tu, "Mama, vumilia kidogo." Mara jirani mmoja akarudi kutoka mjini na maneno haya: "Mwanao nimemwona kwa macho yangu, ameketi katika hoteli ya vioo, anakula kuku!" Dada yangu alilia kwa hasira. Akaniambia, "Kaka, nenda ukamtazame. Kama ndivyo ilivyo, mwambie asinijue tena."

Basi nikapanda gari.

Kariakoo si mbali na katikati ya mji. Ukishuka daladala katika Mtaa wa Msimbazi, huna haja ya kuuliza kama umefika. Masikio yako yatakuambia. Huyu anatangaza bei ya mashati kwa kipaza sauti, yule anapiga honi ya bodaboda, na nyuma yako mtu mwenye mkokoteni anapiga kelele, "Jihadhari na mzigo!" Mtaa wa Kongo umejaa nguo, na mitaa mingine imejaa vyombo, viatu, simu na vitambaa. Wanunuzi hawatoki hapa nchini tu. Utawasikia watu wa Kongo na Kiswahili chao, watu wa Zambia, wa Malawi na wa Visiwa vya Komoro, wote wamekuja kununua mali ya kuuza kwao. Katikati liko soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975, lenye paa la ajabu kama miavuli mikubwa iliyopanuliwa. Aliyelichora ni Mtanzania mwenzetu, marehemu Beda Amuli. Liliungua moto mwezi wa Julai mwaka 2021, na serikali ikalitengeneza tena.

Tena jina la mahali hapa lina historia ambayo inafaa uijue. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji mwaka 1916. Walikuwa na jeshi la wapagazi, watu weusi waliochukuliwa vijijini ili wabebe risasi na chakula cha askari. Kwa Kiingereza jeshi hilo liliitwa Carrier Corps, na kambi yake ilikuwa hapa. Wenyeji wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu mengi, na wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa maradhi, uchovu na chakula kibaya. Walibeba chakula vichwani, wao wenyewe wakakosa cha kutosha. Likumbuke jambo hilo, maana mpwa wangu naye ni mpagazi.

Nilimkuta pembeni mwa duka la vitenge, robota likiwa begani. Aliponiona aliliweka chini haraka. "Shikamoo, mjomba!" "Marahaba." Macho yake hayakuniangalia. Nikaona pia kwamba anachechemea mguu wa kulia. Nikamwambia, "Nina njaa. Nipeleke unapokula wewe." Nilitaka anipeleke kwenye ile hoteli ya vioo, nimkamate na ushahidi.

Hakunipeleka huko. Alinipitisha katika kichochoro kati ya maghorofa mawili, tukatokea chini ya turubai la buluu. Palikuwa na mabenchi manne, majiko matatu ya mkaa, sufuria kubwa zilizofunikwa, na ndoo yenye bomba dogo la kunawia mikono. Huyu ndiye mama lishe, au mama ntilie kama wengine wanavyomwita. Maana yake, "Mama, nitilie", yaani nipakulie. Siku hizi wako na wanaume wafanyao kazi hiyo, nao huitwa baba lishe.

Bibi yule, mwenyeji wa Korogwe, alinikaribisha kwa heshima. Kulikuwa na wali kwa maharage, wali kwa samaki, ugali kwa dagaa, ndizi kwa nyama, na mchicha juu ya kila sahani. Nikachagua wali kwa maharage na kipande cha samaki, nikalipa shilingi 2,500. Chakula kilikuwa cha moto na chumvi yake ilikuwa ya kadiri. Kushoto kwangu aliketi kijana mwenye mkokoteni. Kulia, karani wa duka aliyevaa tai. Mama mmoja wa Kongo alikuja na sahani yake mwenyewe, akapakuliwa, akaenda kula kwenye mizigo yake. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kabila wala kazi. Waliombana pilipili tu.

Nikamwuliza mpwa wangu, "Kwa nini hupiki nyumbani? Hujui kusonga ugali?"

Akanijibu polepole. Amepanga chumba kimoja Buguruni, pamoja na wenzake wawili. Jiko hakuna. Huondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Akitaka kupika, lazima anunue mkaa, mafuta, unga, na maji ya ndoo, apike mchana akiwa kazini, jambo lisilowezekana, au apike usiku akiwa hoi. "Mjomba," akasema, "kijijini kula hotelini ni anasa. Hapa kupika ndiyo anasa."

Neno hilo lilinifunga mdomo kidogo. Lakini kumbuka, nilikuwa nimetumwa. Nikasema, "Vema. Basi fedha za mama yako ziko wapi?"

Kabla hajajibu, bibi yule wa Korogwe alifuta mikono yake, akatoa daftari la shule lililochakaa, akaliweka mbele yangu. Ukurasa mzima ulikuwa na jina la mpwa wangu. Mwezi wa Novemba robota lilimwangukia mguuni, mfupa ukavunjika. Wiki sita hakufanya kazi. Mpagazi asiyebeba hapati hata senti. Kila siku bibi huyu alimpelekea mtoto wake na chakula mpaka Buguruni: chai na chapati asubuhi, sahani moja mchana, na kitu kidogo jioni, shilingi 6,000 kwa siku. Siku arobaini na mbili. Jumla, shilingi 252,000. Zilikuwa zimebaki 70,000 kulipwa. Juu yake kulikuwa na kodi ya chumba na gharama za hospitali.

"Kwa nini hukumwambia mama yako?" nikauliza.

"Angeuza mpunga wa mbegu, mjomba. Unamjua."

Naam, namjua. Angeuza.

Nikamwambia bibi yule, "Mama, ulimwaminije mtu usiyemzaa?" Akacheka. "Baba, mimi huamka saa kumi usiku. Huyu alikuwa ananichotea maji kabla jua halijatoka, wala sikumwomba. Ningemwacha afe njaa?"

Msomaji mpenzi, hapo ningeweza kumaliza habari yangu na kurudi nyumbani kwa furaha. Lakini jirani hakusema uongo. Nilimwuliza kijana waziwazi, "Na hoteli ya vioo?" Akainamisha kichwa. "Ni kweli. Nilikwenda mara moja. Nilitumia shilingi 14,000."

Nikaanza kumkemea. Fedha hizo ni sahani tano za mama lishe na chenji inabaki! Ni kilo kadhaa za sukari kwa mama yako! Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Ilikuwa siku ya kwanza kubeba tena baada ya kupona. Mjomba, mimi huwaletea watu mizigo mchana kutwa. Nilitaka siku moja niketi kwenye kiti chenye mgongo, nami niletewe, niulizwe, 'Unapenda nini?'"

Sikuwa na jibu. Jioni ya siku ile nilimwambia tuende wote, nami nilipe, ili nijue ninalolihukumu.

Hoteli hizi mpya zimeota Kariakoo kama uyoga, chini ya maghorofa yaliyochukua mahali pa nyumba za zamani za Waswahili zenye ua na baraza. Nyingine hupika pilau na biriani, nyingine chipsi kwa kuku, nyingine vyakula vya Kichina, maana wafanya biashara Wachina nao wamekuwa wengi. Taa zinang'aa, mashine ya upepo inavuma, na televisheni inaonyesha mpira. Vijana wa bodaboda wanasimama mlangoni kungoja chakula kilichoagizwa kwa simu na watu wasiotaka hata kutoka nyumbani. Ukutani imebandikwa lipa namba, ili mtu alipe kwa simu bila kugusa fedha. Mhudumu alituletea orodha ya vyakula yenye picha. Tukala wali na kuku. Ulikuwa mtamu, siwezi kukataa. Tulilipa shilingi 28,000 watu wawili, na moyo wangu ukaruka.

Nikamwuliza mhudumu, "Mchele huu unatoka wapi?" "Kyela, mzee," akajibu bila kufikiri. Mpwa wangu akatabasamu. Mjini karibu kila mchele mzuri huitwa wa Kyela, hata ule uliolimwa bonde la Kilombero na mama yake. Huenda tulikuwa tunakula jasho la dada yangu na kumsifu mtu mwingine.

Hebu fikiri nawe, uliye shambani. Kilo moja ya mchele hutoa sahani tano au sita. Wewe huuza kilo nzima kwa bei ndogo kuliko sahani moja ya hoteli hiyo. Tofauti inakwenda wapi? Nyingine inakwenda kwa mchuuzi na mwenye lori. Nyingine kwenye pango la nyumba, umeme, kodi ya serikali, mishahara na kuku mwenyewe. Si wizi wote. Lakini yafaa mkulima ajue sahani yake inaishia wapi, ili siku anapokuja mnunuzi na ndoo iliyojazwa hata kupita mdomo, ajue jinsi ya kusimama.

Na kama safari itakufikisha Kariakoo, pokea mashauri haya ya mgeni mwenzako. Kwanza, uliza bei kabla hujapakuliwa. Pili, kula palipo na watu wengi, hasa wapagazi. Hao hawavumilii chakula kilicholala wala sahani isiyojaa. Tatu, chakula kiwe cha moto, na unawe kwa maji yanayotiririka, si ya beseni walilonawia kumi. Nne, kama mvua zimenyesha na kipindupindu kinatajwa, achana na kachumbari na juisi ya barabarani. Tano, fedha zako ziweke mahali unapopahisi mwilini.

Kesho yake nilimpigia dada yangu simu. Nilimweleza yote, mguu, daftari, na kuku pia, sikuficha kuku. Akakaa kimya muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza neno moja: "Huyo mama wa Korogwe ana watoto wangapi?"

Mwezi wa Juni, baada ya mavuno, alipakia gunia la mchele kwenye basi la Ifakara, juu yake ameandika jina la bibi yule kwa mkaa. Mpwa wangu alilibeba mwenyewe kutoka stendi, na mzigo huo hakumtoza mtu. Bibi alipolifungua alifurahi mno, akawaita majirani wanuse harufu yake. Lakini kijana alipouliza kama deni sasa limekwisha, bibi akatikisa kichwa. "Zawadi ni ya mama yako," akasema. "Deni ni lako." Akalipa mpaka shilingi ya mwisho, kisha ndipo fedha zikaanza kufika tena Ifakara.

Msomaji mpenzi, huenda nawe una mtoto mjini. Ukimpigia simu, usianze kwa kumwuliza atatuma nini. Mwulize kwanza anakula wapi, na nani anayempikia. Jibu lake litakuambia mengi.